Simu Ilikuwa Kwenye Kibanda cha Kuchaji

Meseji yenyewe ilikuwa na maneno kumi na mawili: "Habari mama, kumbuka Alhamisi kuja na mtoto kuchukua dawa zake na zako." Niliiandika mwenyewe, nikaisoma mara mbili, nikaona haina ubaya. Sikutaja ugonjwa wala zahanati. Nikaituma saa nne asubuhi, nikaendelea na shughuli zangu nikijiona mtu makini.

Saa nne asubuhi simu ya yule mama haikuwa kwake. Ilikuwa mwaloni, pale mitumbwi ya dagaa inapotia nanga, kwenye kibanda cha kuchaji, imelazwa ubaoni na simu nyingine kama thelathini, kila moja imebandikwa kikaratasi cha namba. Kijana wa kibanda alisikia mlio, akaitazama. Kitochi hakina nywila. Namba yangu ilikuwa imeandikwa "Dada Kliniki". Na pale kwetu hata mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba Alhamisi ni siku ya watu wa dozi, yaani wa dawa za virusi vya Ukimwi.

Kufika jioni, wanawake wenzake kwenye vichanja vya dagaa walikuwa wanasogeza mabeseni yao mbali na lake. Siku ya tatu akafunga mzigo, akambeba mwanaye wa miezi mitano mgongoni, akapanda mtumbwi. Alhamisi hakuja. Nilipopiga, nikajibiwa na yule dada wa mtandao kwamba namba haipatikani.

Hiyo ilikuwa 2021, na nilikuwa kwenye kazi hii ya kuwafuatilia akina mama wa dozi na watoto wao mwaka wa tatu, kwa hiyo siwezi kusingizia ugeni. Naandika kwa ajili ya washauri wenzangu, kwa manesi, na zaidi kwa hao vijana wa kompyuta wanaokuja na programu mpya kila baada ya miezi kadhaa na kutuuliza tunaionaje.

Mimi nami ni mama wa dozi. Nilipima nikiwa na mimba ya miezi minne, mwaka 2014, mwaka ambao utaratibu wa kuanza dawa papo hapo kwa kila mjamzito anayekutwa na virusi, na kuendelea nazo maisha yote, ulikuwa ndio unaingia zahanati zetu. Wakati huo hakuna aliyenifuatilia kwa simu. Sista alinishika mkono akaniambia, "Mayu (mama, kwa Kisukuma), ukinipotea nitakuja hadi nyumbani kwako," nikaogopa, nikahudhuria. Mwanangu alikunywa dawa yake ya maji wiki sita, akanyonya mwaka mzima, akapimwa mpaka kipimo cha mwisho, akatoka salama. Mwaka 2019 zahanati, iliyo ufukweni upande wa Ilemela, Mwanza, ikanichagua kuwa mshauri. Nikapewa daftari, kitochi, na vocha ya shilingi 5,000 kwa mwezi.

Kwa asiyejua, kazi ni kufukuzana na tarehe. Mtoto anaanza nevirapini, dawa ya kumkinga na virusi, mara tu anapozaliwa. Wiki ya 6 anaanza septrini, ya kumkinga na magonjwa mengine, na anachukuliwa damu kwa kipimo cha kwanza: sista anamchoma kisigino, anadondosha matone kwenye karatasi nene yenye viduara vitano, karatasi inakaushwa kivulini, inakwenda maabara kubwa. Kipimo cha haraka cha watu wazima hakifai kwa mtoto mdogo kama huyo, kwa sababu kinasoma kingamwili, na hizo anazo za mama yake hata kama virusi hana. Kipimo kingine ni miezi 9, na cha mwisho miezi 18 au baadaye kidogo kama bado ananyonya. Mama naye katikati ya hayo yote asikose dawa hata siku moja, maana ananyonyesha.

Tarehe hizo hazina masihara. Bila huduma yoyote, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Huduma ikifuatwa vizuri wanashuka chini ya watano. Na mtoto aliyeambukizwa akicheleweshewa dawa, hali inageuka haraka: karibu nusu ya wasiotibiwa hawafiki miaka miwili. Ndiyo maana mtu anapokuja na wazo la simu, sote tunashangilia. Hata mimi nilishangilia.

Wiki ya kwanza nilikaa na daftari nikapiga namba moja baada ya nyingine. Ya kwanza akapokea mwanaume. "Wewe nani?" Nikasema natoka kliniki, namtafuta mkeo. "Kliniki ya nini?" Nikababaika, nikakata simu. Kukata ni kubaya kuliko kujibu vibaya. Alipiga mara sita mfululizo. Ya nne ilikuwa ya duka. Kisha nikagundua kwamba wanawake watatu tofauti wameandikisha namba ileile, ya tajiri mwenye mitumbwi kwenye kambi yao ya uvuvi, kwa sababu sista alipowauliza "namba ya simu?" walitaja namba pekee waliyoikariri. Daftari linasema mama ana simu. Simu ni ya tajiri.

Basi nikajifunza la kwanza, nikadhani nimemaliza: nikawa nauliza simu ni ya nani. Halafu ikaja Januari 2020.

Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole. Mwisho ulikuwa Desemba 31, 2019, ikasogezwa hadi Januari 20, kisha laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Akina mama wa kambini wengi hawakuwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Laini zao walinunuliwa na shemeji, mpwa, au mwanaume ambaye walishaachana naye zamani. Ndani ya wiki mbili daftari langu likawa kama la marehemu.

Katika wiki hizo hizo yakarudi majibu ya mtoto mmoja wa kike. Alikuwa ameambukizwa. Mama yake alianza kliniki mimba ikiwa na miezi minane, dawa hazikupata muda wa kufanya kazi yao. Namba yake imezimwa. Kambini wakaniambia amerudi kwao Magu kulima.

Nilikwenda Magu kwa nauli yangu. Kijiji nilikijua, nyumba sikuijua, na siwezi kuanza kuuliza watu huku nikisema natoka wapi. Nikajitungia hadithi: namdai hela ya sabuni. Nilidhani nimekuwa mjanja. Nilizunguka siku nzima, kila mtu hamjui, hata bibi mmoja ambaye baadaye nilikuja kumkuta anaishi naye nyumba moja. Nani atamwonyesha mdai mlango wa jirani yake? Nikarudi Mwanza mikono mitupu. Wiki iliyofuata nikaenda tena, safari hii nikasema nimemletea hela zake za dagaa, tulikosea hesabu. Dakika kumi hazikupita, watoto wawili wakanipeleka mpaka mlangoni.

Mtoto alianza dawa akiwa na miezi mitatu na siku chache. Alikuwa amekonda, shingo haijakaza. Yule mama hakulia. Aliniuliza kama dawa zinachanganywa na maziwa, na kama anaweza kuendelea kunyonyesha. Nikamwambia anyonyeshe, na atumie dawa zake mwenyewe kila siku. Leo binti yuko darasa la awali na ananiita shangazi. Ila zile wiki tatu ambazo karatasi ilikuwa mezani na sisi tunapiga namba iliyozimwa, hazijanitoka.

Kuanzia hapo kila mama nilimwandikia watu wawili zaidi wa kumtafutia, na kwa kila mmoja nikaandika kile anachokijua na nitakachomwambia. Mama mkwe: hajui, mwambie ni fundi wa cherehani. Dada yake: anajua yote. Wakati ule niliandika hayo kwa kalamu nyekundu pembeni, maana daftari halina nafasi yake. Kishikwambi nacho, kilipokuja, hakikuwa na nafasi yake.

Kuhusu kishikwambi nitasema kidogo, nisije nikaonekana mtu wa kale. Kilifaa. Kilinikumbusha nani kipimo chake ni wiki hii, na hakikulowa mvua kama daftari. Lakini tulijaza mara mbili, humo na kwenye daftari, kwa sababu wakaguzi wa daftari na wakaguzi wa kishikwambi si watu wale wale. Na mama akipitisha tarehe, jina linageuka jekundu. Ule wekundu ulinifanya mkali. Nilikuwa nampigia mtu kwa sauti ya mwalimu wa zamu: "Mbona hukuja?" Kumbe mwenyewe kahamia Ukerewe, dawa anachukua huko vizuri kabisa, mtoto kapimwa. Kwenye kioo yeye ni mpotevu. Ukimgombeza mtu kwenye simu, ana kitufe cha kuzima, na atakitumia. Mimi siku hizi naanza na "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, naulizia dagaa, naulizia mvua, na mama mwenyewe ndiye anayefika kwenye dozi kabla yangu.

Kuna jambo jingine ambalo kishikwambi hakikulijua kabisa, nalo ni mwezi. Namaanisha ule wa angani. Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa; mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu na mitumbwi inapumzika. Siku za giza mwanamke wa kuanika yuko mwaloni alfajiri kusubiri mitumbwi, anaanika, anageuza, anakimbizana na mvua, na akikosa siku moja nafasi yake ya kununua mzigo inakwenda kwa mwingine. Ukimpangia tarehe ya kliniki katikati ya giza umempangia asije. Nilipolisema hili kwenye kikao, mmoja akacheka: sasa tufuate mwezi wa mbinguni? Sista mkuu hakucheka. Akaniambia nichukue kalenda ya ukutani na nitie duara siku za mbalamwezi, na dawa za mama tukaanza kuzipanga humo, miezi miwili miwili au mitatu. Kipimo cha wiki ya 6 hakisogei, hicho ni umri wa mtoto na umri haungoji mwezi. Hapo inabidi mumfuate kambini, si kumpigia tu.

Pesa nayo niiseme. Ile 5,000 iliisha wiki ya kwanza ya kila mwezi. Mama hana salio, anabipu, wewe unapiga. Hawako mtandao mmoja: kisiwani unashika mtandao huu tu, tena ukipanda juu ya jiwe, ng'ambo unashika ule. Kuna miezi nilitumia 15,000 zangu, na mume wangu akaniuliza kama zahanati imenioa. Mkipanga mradi wa simu, bando la dakika za mitandao yote liwe mstari wa kwanza wa bajeti, kabla ya fulana na kabla ya semina ya hotelini. Na wapeni akina mama ruhusa ya kubipu bila haya. Tukakubaliana hata lugha yake: bipu moja ni "nimefika salama", mbili za haraka ni "nipigie sasa hivi nikiwa peke yangu".

Sasa nirudi kwenye kibanda.

Yule mama alipoondoka nilitaka kuacha kazi. Semina tuliyopewa ilitufundisha kwamba Sheria ya Ukimwi ya 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu, na mimi niliichukulia kama habari ya manesi wambeya na waajiri wabaya. Siku ile niliyetoa siri nilikuwa mimi, kwa adabu, na "habari mama" mbele. Nilimfuata kijana wa kibanda nikitaka kumfokea. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na saba. Akasema, "Dada, simu zinaita siku nzima, nisipotazama wenyewe wananigombeza kwamba sikuwapelekea ujumbe." Na ni kweli. Kusoma meseji za watu ilikuwa sehemu ya huduma yake.

Tangu siku hiyo mama mpya namkalisha kwenye benchi la nyuma, chini ya mwembe, kabla hajaandikwa namba popote, na namuuliza. Simu ya nani? Nani anaishika usiku? Inachajiwa wapi, siku gani? Jina langu utaliandikaje? Nikikukosa, nimtafute nani, na kwake huyo mimi ni nani? Na ya mwisho, ambayo wengi hawajawahi kuulizwa: unataka kutumiwa meseji, au hutaki? Wapo waliosema hawataki kabisa, nipige tu siku za mbalamwezi, saa kumi jioni. Wapo wasiojua kusoma, ambao meseji ingesomwa na mtoto wa shangazi. Wengine walifurahi kupata meseji ndefu, kwa kuwa kuanzia 2012 wajawazito walizoea zile za bure za Wizara ya Afya, za Wazazi Nipendeni, ambazo kupokea hakumtii mtu doa.

Sentensi ya kutumiwa anaitunga mwenyewe. Mmoja alichagua "vitenge vimefika". Mwingine "njoo upime cherehani". Mwingine akachagua "hela ya mchezo ni Jumanne", na hapo tukaingia matatani kwa namna nyingine. Mume wake aliiona meseji, akampa 20,000 akatoe mchezo. Alifika zahanati anacheka hadi machozi, noti mkononi. Mwezi wa pili akapewa tena. Mwezi wa nne mume akauliza, "Hivi zamu yako ya kupokea ni lini?" Mkewe hakucheka tena. Ikabidi tukae naye, sista, mimi na yeye, tupange namna ya kumwambia mume ukweli, na hela zake zote tukazihesabu, alikuwa amezifunga kwenye kona ya kitenge. Alimwambia usiku, akiwa ameziweka mezani 80,000. Mume alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alikuja kupima. Sisemi kila mume yuko hivyo; mwingine tuliyemwendea kwa utaratibu huo huo alivunja mlango. Nasema tu, uongo wa meseji mkiupanga, muangalie pia miezi minne mbele.

Miezi saba baada ya kibanda, usiku wa mbalamwezi, simu yangu ikabipu mara mbili haraka. Namba ngeni. Nikapiga. Kimya, halafu sauti: "Dada, bado uko kliniki?"

Alikuwa yeye, yuko kisiwani Kome. Alikaa bila dawa wiki tisa, kwa hofu ya kujiandikisha pengine na kuulizwa katoka wapi. Kisha akajikaza, akaanza tena kwenye kituo cha huko. Mtoto hakupimwa miezi 9. Nilitamani kumwomba msamaha, maneno yakagoma, nikaishia kuuliza kama mtoto anatembea. Akasema anashika ukuta. Nikawapigia wahudumu wa huko, nao wakamwita kwa jina alilochagua yeye. Wakamchukua mtoto damu. Majibu yalipokuja, yeye ndiye aliyenipigia, kwa salio lake, akasema, "Hana," akakata. Baadaye mtoto akaacha kunyonya, akarudiwa kipimo cha mwisho: mstari mmoja, yaani hana virusi.

Msamaha nilimwomba mwaka uliofuata, tulipokutana mwaloni Kirumba, akiwa ameleta dagaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimshikie gunia apite.

Mwanzoni mwa 2025 wafadhili waliposimamisha fedha, posho zetu zilikatika na tukarudisha vishikwambi. Laini ilikuwa yangu, ilibaki. Bipu zinaendelea kuingia, na sina bando, kwa hiyo nawapigia kwa zamu, wenye watoto wachanga kwanza.

Mwezi uliopita ikaingia moja nisiyoijua. Binti, sauti ndogo, ana mimba, namba yangu kapewa na mama mmoja wa Kome. Alitaka kuanza kueleza. Nikamwambia asubiri kwanza aniambie, simu hii ni ya nani, na inachajiwa wapi.

"Ni yangu, dada. Nina kasola kangu, kako juu ya bati."

Nikamwambia haya, sema.